Kunasa na kutunza ujumbe wa seva inapowaka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wanaosimamia seva za Linux, hasa zenye systemd (programu inayoamsha na kusimamia huduma zote) kama Debian, Ubuntu na jamaa za Red Hat. FreeBSD na mifumo mingine ya ukoo wa Unix ina nafasi yake chini. Amri nyingi zinahitaji haki za root, kwa hiyo tanguliza `sudo` inapobidi.

Kwani ujumbe wa kuwaka haujihifadhi wenyewe?

Sehemu yake hujihifadhi na sehemu hupotea, na inayopotea mara nyingi ndiyo uliyokuwa ukiihitaji. Seva inapowaka husema kwa vinywa vingi. Inaanza programu ya ubao mama, yaani BIOS au UEFI. Inafuata GRUB inayopakia kerneli, halafu kerneli yenyewe (kiini cha mfumo), halafu initramfs (mfumo mdogo wa muda ndani ya RAM unaotafuta diski), mwisho systemd na huduma zote inazoziamsha. BIOS na GRUB huandika kwenye skrini, wala hayo maandishi hayaendi kwenye faili lolote la logi. Kerneli huandika kwenye bafa yake, yaani eneo la muda la ujumbe ndani ya RAM. Huduma huandika kwa journald, mtunza logi wa systemd, ikiwa journald yenyewe imeshaamka.

Ukielewa mgawanyo huo utajua pa kutafuta. Tatizo la kerneli kutoiona diski halitafutwi kwenye logi ya nginx, na seva iliyokwama kwenye GRUB haiwezi kuwa na chochote ndani ya `/var/log`, kwa sababu `/var` ilikuwa haijafunguliwa.

Nina rsyslog. Haitoshi?

Haitoshi. Rsyslog, inayoandika logi kwenye mafaili ya `/var/log`, ni huduma kama huduma nyingine: huamka ikifika zamu yake. Ikishaamka husoma yaliyomo kwenye bafa ya kerneli, au huyapokea kupitia journald, kwa hiyo ujumbe wa kerneli wa mwanzo unaweza kuupata. Lakini seva ikikwama kabla ya zamu hiyo, hakuna kitakachoandikwa. Na kwenye mifumo ya zamani ya sysvinit (mtangulizi wa systemd), mistari ile ya "Starting..." inayopita kwenye skrini haipelekwi syslog kabisa. Ni maandishi ya konsoli tu.

Pia usidhani rsyslog ipo. Kuanzia Debian 12 ya mwaka 2023 haisakinishwi tena bila kuombwa, na mtu anayetafuta `/var/log/syslog` kwenye seva mpya haoni kitu.

Nina dakika tano tu. Nifanye nini kwanza?

Hakikisha logi za journald zinabaki diskini seva ikizimwa. Jambo hili ndilo linaloumiza watu wengi zaidi, na tiba yake ni fupi. Angalia:

`ls -d /var/log/journal`

Kama saraka hiyo haipo na mpangilio haujaguswa, journald inaandika ndani ya `/run/log/journal`. Hiyo ni RAM, na ukiwasha upya kila kitu kimefutika. Debian imeleta saraka hii tayari tangu toleo la 11, lakini kwenye mifumo mingine na picha nyingi za seva zilizopunguzwa ukubwa haipo. Itengeneze:

`mkdir -p /var/log/journal`
`systemd-tmpfiles --create --prefix /var/log/journal`
`journalctl --flush`

Kwa kawaida `Storage=` ndani ya `/etc/systemd/journald.conf` ni `auto`, maana yake "tumia diski kama saraka ipo". Mimi napendelea kuandika `Storage=persistent` waziwazi, ili anayekuja baada yangu asilazimike kubahatisha.

Dakika zikibaki, ondoa maneno `quiet` na `splash` kwenye `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT` ndani ya `/etc/default/grub`, kisha endesha `update-grub` (kwenye jamaa za Red Hat ni `grub2-mkconfig`). Nembo nzuri inayozunguka ni ya kompyuta ya mezani. Kwenye seva, skrini inatakiwa iseme.

Seva iliwaka vibaya usiku, mtu akaiwasha upya, sasa iko sawa. Nitajuaje kilichotokea?

Orodhesha mara zote ilizowaka:

`journalctl --list-boots`

Kila mstari ni safari moja tangu kuwaka hadi kuzimika, ukionyesha saa ya kuanza na ya kuisha. Sifuri ni hii ya sasa, -1 ni iliyotangulia. Kisha:

`journalctl -b -1 -p warning`

Hapo unapata onyo na makosa ya safari iliyopita bila kelele nyingine. Ukitaka kerneli peke yake ongeza `-k`.

Hebu tuangalie mfano mmoja unaojirudia sana. Fundi ametoa diski ya pili ili aibadilishe, lakini mstari wake bado umo kwenye `/etc/fstab`, orodha ya diski za kufunguliwa seva ikiwaka. Seva ikiwaka, systemd inaingoja diski hiyo kwa sekunde 90, kisha inaandika:

`Timed out waiting for device /dev/disk/by-uuid/...`
`Dependency failed for /data.`
`Dependency failed for Local File Systems.`

Halafu skrini inasema "You are in emergency mode". Mtandao haujawaka, SSH haipo, na wewe uliye mbali unaona seva imekufa tu. Mistari mitatu hiyo isome kuanzia juu. Wa kwanza ndio chanzo, wa pili na wa tatu ni matokeo. Wengi hukimbilia wa mwisho kwa kuwa ndio ulio karibu na hali ya dharura, wakaanza kukagua mfumo mzima wa mafaili ilhali kilichokosekana ni diski moja ya data.

Tiba ni kuongeza `nofail,x-systemd.device-timeout=10s` kwenye mstari wa diski yoyote ambayo seva inaweza kuwaka bila hiyo. Na jihadhari: kwenye Ubuntu na Debian nyingi akaunti ya root imefungwa, hivyo hata ukifika mbele ya skrini utaambiwa huwezi kuingia kwenye hali ya dharura. Weka nywila ya root mapema, au ujue namna ya kuwasha kutoka kwenye flashi.

Umeme ulikatika ghafla. Mbona logi za dakika za mwisho hazipo?

Kwa sababu journald haisukumi kila mstari hadi diskini papo hapo. Kwa kawaida hufanya hivyo kila dakika 5, isipokuwa ujumbe wa ngazi ya CRIT, ALERT na EMERG ambao husukumwa mara moja. Unaweza kupunguza muda huo, kwa mfano `SyncIntervalSec=30s`. Gharama yake ni kuandika diskini mara nyingi zaidi. Kwenye SSD ya seva si neno, ila kwenye kadi ya SD fikiria mara mbili.

dmesg (amri ya kusoma bafa ya kerneli) inaanzia katikati. Mistari ya mwanzo imekwenda wapi?

Imefutwa na mipya. Bafa ya kerneli ina ukubwa maalumu, na ikijaa ujumbe mpya unakalia nafasi ya wa zamani kabisa. Kadi moja ya mtandao yenye hitilafu, inayolalamika kila sekunde, inatosha kufukuza habari zote za kuwaka ndani ya muda mfupi.

Ongeza `log_buf_len=4M` kwenye vigezo vya kerneli (namba iwe kipeo cha mbili), uwashe upya. Kama journald ilikuwa hai kabla ya bafa kujaa, mistari ya mwanzo bado utaipata kwa `journalctl -k -b`. Hii ndiyo sababu naitumia amri hiyo kabla ya `dmesg` karibu kila mara.

dmesg inanikatalia ikisema "Operation not permitted".

Ni ulinzi wa makusudi: `kernel.dmesg_restrict` ni 1. Tumia `sudo`. Usiuzime ulinzi huu kwenye seva yenye watumiaji wengi, maana ujumbe wa kerneli unaweza kufichua anwani za ndani ya RAM ambazo mshambuliaji anazitafuta. Mtu anayehitaji kusoma logi tu, mwingize kwenye kundi la `systemd-journal`.

Saa zilizo kwenye logi za kuwaka haziendani na saa ya ukutani. Nini kimetokea?

Namba zilizo ndani ya mabano ya `dmesg`, kama `[ 3.482911]`, ni sekunde tangu kerneli ianze. Mistari mingi ya kwanza husoma 0.000000 kwa kuwa hata kipima muda chenyewe kilikuwa hakijaandaliwa. `dmesg -T` huzigeuza kuwa tarehe na saa, lakini ni makadirio, na hukosea kama mashine iliwahi kulazwa na kuamshwa.

Kisa cha pili kinawahusu sana walioko Afrika Mashariki. Saa ya ubao mama ikiwa imewekwa kwa saa za hapa, na Linux ikaisoma kama UTC (saa ya kimataifa), seva itawaka ikiwa saa tatu mbele. Kisha NTP (huduma ya kusahihisha saa kupitia mtandao) inaisahihisha, na logi inaonekana kurudi nyuma: mstari wa saa 11:02 unafuatiwa na wa saa 8:02. Hakuna aliyechezea logi. Weka saa ya ubao mama kwenye UTC (`timedatectl set-local-rtc 0`, kisha `hwclock --systohc` baada ya NTP kukaa sawa). Ukiwa bado unachunguza safari ya zamani, soma kwa `journalctl -b -1 -o short-monotonic`, inayohesabu sekunde tangu kuwaka na haijali tarehe.

Seva inakwama kabla hata diski haijafunguliwa. Nitanasaje hapo?

Hapa ndipo waya wa serial unapostahili heshima yake. Logi ya diskini haiwezi kusimulia kifo kilichotokea kabla ya diski. Unahitaji njia ya kutoa maandishi nje ya mashine wakati yanatokea, na ya zamani kuliko zote bado ndiyo ya kuaminika kuliko zote.

Kwenye `/etc/default/grub` weka:

`GRUB_CMDLINE_LINUX="console=tty0 console=ttyS0,115200n8"`
`GRUB_TERMINAL="console serial"`
`GRUB_SERIAL_COMMAND="serial --speed=115200 --unit=0"`

Mpangilio wa `console=` una maana. Kerneli itaandika kwenye zote mbili, lakini ya mwisho ndiyo inayokuwa `/dev/console`, na mistari ya systemd ya "[ OK ]" na "[FAILED]" huenda hapo peke yake. Ukigeuza mpangilio, waya utakuonyesha kerneli kisha ukimya, ukadhani seva imekwama huku inaendelea vizuri kwenye skrini.

Seva nyingi za kwenye raki hazihitaji waya wenyewe. Zina kompyuta ndogo ya usimamizi, kama iDRAC ya Dell au iLO ya HPE, inayopitisha serial kupitia mtandao. Namba ya mlango inaweza kuwa `ttyS1` badala ya `ttyS0`, kwa hiyo angalia mpangilio wa BIOS. Kutoka mashine nyingine:

`ipmitool -I lanplus -H 192.0.2.50 -U msimamizi -a sol activate | tee seva1.log`

Kutoka unabonyeza Enter, kisha `~.`. Kama umefika hapo kupitia SSH, tumia `~~.`, la sivyo utakata SSH yako mwenyewe. Kama una waya halisi na kigeuzi cha USB, `screen -L /dev/ttyUSB0 115200` itaonyesha na kuandika faili kwa pamoja.

Angalia pia kasi. Kila herufi hutumia biti 10 kwenye waya, hivyo 9600 ni herufi 960 kwa sekunde. KB 64 za ujumbe wa kerneli zitachukua zaidi ya dakika moja, na kerneli inaweza kulazimika kuungoja waya. Kwa 115200 ni kama sekunde 6. Nimeona watu wakilaumu diski kwa seva inayowaka polepole, kumbe ni serial iliyoachwa kwenye 9600 pamoja na `loglevel=7`.

Ukishapata waya, ongeza maneno inapobidi: `ignore_loglevel` kwa kerneli kusema yote, na `systemd.log_level=debug systemd.log_target=console` kwa systemd. Yaandike kwa mara moja tu kwa kubonyeza `e` kwenye GRUB. Usiyaache humo daima.

Na ikikwama ndani ya initramfs?

Kwenye mifumo inayotengeneza initramfs kwa dracut (Red Hat na jamaa zake) ukiangukia kwenye ganda (shell) la dharura utakuta ripoti tayari: `/run/initramfs/rdsosreport.txt`. Inakili kwenye flashi kabla hujawasha upya, kwa sababu iko RAM. Kwenye Debian na Ubuntu zinazotumia initramfs-tools ongeza neno `debug` kwenye vigezo vya kerneli, na hatua zote zitaandikwa ndani ya `/run/initramfs/initramfs.debug`.

Sina serial. Netconsole inafaa?

Inafaa kwa kerneli tu. Moduli hii hutuma mistari ya kerneli kwa UDP kwenda mashine nyingine:

`modprobe netconsole netconsole=6665@192.0.2.10/eno1,6666@192.0.2.20/00:11:22:33:44:55`

Upande wa pili sikiliza kwa `nc -u -l -p 6666 | tee seva1.log` (aina nyingine za nc hazitaki `-p`). Anwani ya MAC ni ya mpokeaji, au ya ruta kama mpokeaji yuko mtandao mwingine. Kabla ya kujaribu endesha `dmesg -n 8`, vinginevyo ujumbe wa ngazi za chini hautatumwa na utafikiri haifanyi kazi.

Mipaka yake ni mitatu: haianzi mpaka kadi ya mtandao iwe imewaka, UDP haina hakikisho la kufika, na maandishi hupita wazi bila kufichwa. Itumie kwenye mtandao wa ndani wa usimamizi pekee.

Kerneli ilizimia na "Kernel panic". Skrini imeshafutika.

Angalia `/var/lib/systemd/pstore`, na kama ni tupu, `/sys/fs/pstore`. Mashine nyingi za UEFI huweza kuhifadhi mistari ya mwisho ya kerneli kwenye chipu ya ubao mama, na systemd huihamishia diskini safari inayofuata. Nafasi ni ndogo na habari huja vipande vipande, lakini mara nyingi jina la moduli iliyosababisha limo. Ukihitaji picha kamili ya RAM, hiyo ni kazi ya kdump.

Seva yangu iko kwenye wingu, sina skrini wala waya.

Serial unayo, ila mtoa huduma ndiye anayeishika. Kwa Amazon:

`aws ec2 get-console-output --instance-id i-... --latest --output text`

Hurudisha KB 64 za mwisho, na `--latest` hukubaliwa kwenye mashine za kizazi cha Nitro. Kwa Google ni `gcloud compute instances get-serial-port-output`. Zote zinategemea kerneli kuwa na `console=ttyS0`, kwa hiyo ukitengeneza picha yako mwenyewe usilisahau. Kazi za cloud-init, zinazofanyika mashine ikiwaka mara ya kwanza, zimo `/var/log/cloud-init.log` na `/var/log/cloud-init-output.log`.

Hilo la pili lisome kabla hujamtumia mtu. Hati ya kuanzishia ikichapisha nywila au ufunguo, vitakuwa vimekaa humo kama vilivyo. Vivyo hivyo, usiweke siri kwenye vigezo vya kerneli: `/proc/cmdline` husomwa na mtumiaji yeyote.

Natumia FreeBSD.

Ujumbe wa kerneli wa kuwaka unahifadhiwa wenyewe ndani ya `/var/run/dmesg.boot`, hata bafa ikija kujaa baadaye. Kwa maandishi ya hati za rc, ondoa alama ya `#` kwenye mstari wa `console.info` ndani ya `/etc/syslog.conf`, kisha:

`touch /var/log/console.log`
`chmod 600 /var/log/console.log`
`service syslogd restart`

Bila faili kuwepo kwanza, syslogd haitaandika. Ukitaka maelezo mengi weka `boot_verbose="YES"` kwenye `/boot/loader.conf`, na ukubwa wa bafa huongezwa hapo hapo kwa `kern.msgbufsize`. OpenBSD na NetBSD nazo zina `/var/run/dmesg.boot`.

Na mifumo isiyo na systemd?

Alpine na Gentoo zenye OpenRC: `rc_logger="YES"` ndani ya `/etc/rc.conf`, kisha soma `/var/log/rc.log`. Debian yenye sysvinit: sakinisha `bootlogd`, soma `/var/log/boot`. AIX: `alog -o -t boot`. Solaris: kila huduma ina faili lake ndani ya `/var/svc/log`.

Logi hizi hazitajaza diski?

Journald hujizuia yenyewe kwenye asilimia 10 ya mfumo wa mafaili, na haizidi GB 4. Kama `/var` ni ndogo weka `SystemMaxUse=500M`.

Nitajuaje kwamba mpangilio wangu unafanya kazi kweli?

Ujaribu kabla ya siku ya shida. Andika mstari wako mwenyewe kwenye bafa ya kerneli:

`echo "jaribio la konsoli" > /dev/kmsg`

Utafute kwa `journalctl -k`. Washa upya, uutafute tena kwa `journalctl -k -b -1`. Ukiupata, diski inatunza. Kisha fungua serial kwenye mashine ya pili, washa upya tena, uhakikishe unaona kuanzia menyu ya GRUB hadi mahali pa kuandika jina la kuingilia, bila pengo katikati. Pengo baada ya GRUB maana yake `console=` imekosewa. Pengo baada ya kerneli maana yake mpangilio wake umegeuzwa.

Pstore nayo ina jaribio lake, ila kwenye mashine ya majaribio tu, isiyo na kazi ya mtu wala kdump iliyowashwa. Weka `sysctl kernel.panic=10` ili iwake upya yenyewe baada ya sekunde 10, endesha `sync`, kisha:

`echo c > /proc/sysrq-trigger`

Mashine itazimia pale pale. Ikirudi, fungua `/var/lib/systemd/pstore` uone kama mistari ya mwisho imo. Isipokuwemo, huenda ubao mama huo hauna pa kuihifadhi au pstore imezimwa, na kwa seva za aina hiyo itabidi utegemee serial.